Tukishauza Pamba

Mvua za Novemba zikianza kuipiga ardhi ya Shishiyu, hakuna anayemngoja mwenzake. Maksai wanafungwa nira jua halijachomoza, plau imekazwa tangu jana jioni, na mbegu ya pamba iliyochukuliwa kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, inasubiri pembeni mwa nyumba. Mkulima wa Maswa hahitaji kuhubiriwa habari ya kuchelewa. Anajua kwamba pamba iliyopandwa kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Desemba ina msimu mzima mbele yake, na kwamba anayesuasua hadi mwaka mpya atavuna vitumba vichache. Katika jambo hili watu wetu ni wepesi kuliko wahubiri wao.

Ndiyo maana mfano wa Yesu ulio katika Luka sura ya 14 ukisomwa huku unasikika kama habari ya jirani. Mtu ameandaa karamu, wageni wamealikwa na wamekubali. Chakula kikiwa tayari, mtumishi anatumwa kuwaita, na hapo ndipo udhuru unapoanza. Wa kwanza amenunua shamba na lazima akalione. Wa pili amenunua jozi tano za ng'ombe wa kulimia na anakwenda kuwajaribu. Wa tatu ameoa. Jozi tano ni ng'ombe kumi. Kwa hesabu za Usukuma huyo si mtu mdogo, na ukimwambia aache ng'ombe kumi wapya zizini aende kula wali kwa jirani, utamwona anakushangaa.

Nawaomba wasomaji wautazame mfano huu kwa makini, kwa sababu tumezoea kuusoma haraka. Hakuna mlevi kati ya wale watatu, wala mwizi, wala mchawi. Shamba ni halali, ng'ombe ni halali, ndoa ni halali kabisa. Zaidi ya hapo, hakuna aliyekataa mwaliko ulipoletwa mara ya kwanza. Wote walisema ndiyo. Kilichowakosesha karamu ni kwamba siku ya kuitimiza ndiyo yao iliwakuta na kazi nyingine, na wakaona mwenye karamu ni mtu mwema, ataelewa.

Mfano huo una sura yake katika vigango na mitaa yetu. Chukua mwanamume wa makamo ambaye amekaa na mama watoto wake miaka mingi bila ndoa ya kanisani. Watoto wamebatizwa. Mama hakosi jumuiya. Lakini wote wawili hawashiriki meza ya Bwana, na jambo hilo linawauma. Mwenyekiti wa jumuiya anamkumbusha bwana huyo mwezi Novemba, naye anajibu kwa heshima: "Mwenyekiti, acha tupande kwanza." Januari ni palizi. Machi ni kupulizia dawa, wadudu hawasubiri mtu. Mei mizani inafunguliwa, na jibu ni lile linalojulikana Simiyu nzima: "Tukishauza pamba." Pamba inauzwa, hela inaingia, inakuta bati la nyumba, ada ya shule, na ng'ombe wa mahari ya kijana mkubwa. Septemba miti ya pamba lazima ing'olewe na kuchomwa, sheria haitaki ivuke tarehe 15. Oktoba hela imekwisha, na bila hela sherehe itafanywaje? Kisha mvua zinarudi.

Ukimuuliza kama anataka kufunga ndoa, atakwambia anataka, na anamaanisha. Kila udhuru alioutoa ulikuwa wa kweli kwa mwezi wake. Mtu wa namna hii ndiye ninayemwogopea kuliko yule anayesema wazi kwamba kanisa halimhusu, kwa maana huyo wa pili anajua aliposimama, na siku akigeuka atajua amegeuka kutoka wapi. Anayesema "ndiyo, ila baadaye" anajihesabu ameshaitika. Moyo wake umetulia. Hata katekista amechoka kumkumbusha, anaona aibu kumsumbua mtu mwema.

Katika historia ya Ukristo wa nchi zinazolizunguka Ziwa Nyanza, aliyeitika hivyo mara nyingi na kwa muda mrefu ni Kabaka Mutesa wa Kwanza wa Buganda, na habari zake zinatugusa kwa sababu njia ya waliomletea Injili ilipita upande wetu wa ziwa. Machi 1875 Henry Morton Stanley aliishusha mashua yake majini Kageye, kwenye pwani ya Usukuma, na Aprili alikuwa mbele ya Mutesa. Walizungumza dini kwa siku nyingi. Kabaka alionyesha hamu ya kufundishwa, na Stanley akaandika barua ya kuwaita walimu. Gazeti la Daily Telegraph la London liliichapisha barua hiyo Novemba 15, 1875.

Hapa nataka tukae kidogo. Siku mbili baada ya kuchapishwa, chama cha misheni cha Kianglikana, CMS, kilipokea barua ya mtu ambaye hakutaja jina lake, amejiita tu mtumishi asiye na faida kwa maneno ya Luka 17, akiahidi pauni 5,000 kwa kazi ya Buganda. Kabla mwezi haujaisha kamati ilikuwa imekubali. Mwaka uliofuata watu wanane wakaondoka, mmoja wao Alexander Mackay, fundi wa mitambo kutoka Uskoti, mwenye umri wa miaka 26. Daktari wao, John Smith, alikufa kusini mwa ziwa mwaka 1877 kabla ya kuiona Buganda. Luteni Shergold Smith na Padri Wilson walifika Rubaga, makao ya Mutesa, Juni 30 mwaka huohuo. Ilipofika Desemba, Shergold Smith na mwenzake O'Neill wakauawa Ukerewe. Februari 1879 wakaja Mapadri Weupe wa Kanisa Katoliki, Padri Lourdel ambaye Waganda walimwita Mapera, pamoja na Bruda Amans, nao wakivuka ziwa kutoka kusini. Kwa hiyo barua ile ya kuomba walimu ilijibiwa upesi, na baadhi ya waliojibu walilipa kwa maisha yao.

Aliyechelewa ni yule ambaye kwa jina lake barua iliandikwa.

Mutesa aliwapokea vizuri. Aliwapa nafasi ya kufundisha ikulu, aliwasikiliza, aliwauliza maswali ya mtu mwenye akili kali. Kabla yao alikuwa ameshika Uislamu kwa namna yake kwa takriban miaka kumi, akifunga Ramadhani lakini akikataa kutahiriwa. Alikuwa na hofu ya majeshi ya Misri kutoka kaskazini na alitumaini Wazungu wangempa bunduki. Alikuwa na wake wengi sana, na kila mke alikuwa kamba iliyomfunga na ukoo fulani na chifu fulani. Sisemi kwamba shida zake zilikuwa za kubuni. Mfalme akigeuka, nchi inatikisika, na yeye alilijua hilo kuliko wageni waliokuwa wakimfundisha. Kati ya wote waliowahi kusema "ngoja kwanza", yeye alikuwa na sababu nzito kuliko wengi.

Lakini itazame miaka yake. Zaidi ya mara moja alizungumzia kubatizwa. Mackay na Lourdel, waliokuwa wakibishana mbele yake karibu kila siku kwa aibu ya Ukristo wote, walikubaliana katika hili moja: ndoa ya wake wengi haiendi na ubatizo. Akawageuza geuza, leo akiwaelekea hawa, kesho wale. Desemba 1879, akiwa ameteswa na ugonjwa wa muda mrefu, alimruhusu mtu wa Mukasa, mzimu mkuu wa ziwa, aletwe ikulu kumtibu, na ikatangazwa kwamba dini zote mbili za wageni zinawekwa kando. Baadaye mijadala ikaendelea kama mwanzo. Novemba 1882 Mapadri Weupe, wakihofia usalama wao, waliondoka Buganda wakaja kusini, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni ya Bukumbi, ambayo leo iko Wilaya ya Misungwi, si mbali na jiji la Mwanza. Oktoba 1884 Mutesa akafa bila kubatizwa. Wakati huo Mapera alikuwa ng'ambo ya ziwa, katika nchi ya Wasukuma. Mackay alikuwa palepale Buganda.

Nimelitaja hilo la mwisho kwa sababu ni rahisi kusema kwamba bahati mbaya ilimkosesha padri. Mlango mmoja ulifungwa miaka miwili kabla, wa pili ulibaki wazi hadi siku ya mwisho. Kilichoisha ni nguvu ya mwenyewe ya kuamua. Mtu anayeahirisha mwaka wa kwanza anasumbuliwa na jambo. Mwaka wa tatu anajadili jambo. Mwaka wa saba anapenda mjadala wenyewe, na Mutesa aliupenda hadi mwisho. Hukumu ya roho yake iko kwa Mungu, wala siruhusiwi kuigusa. Ninachoweza kukisoma ni yale yaliyowapata watu wa nyumba yake.

Maana kulikuwa na wasikilizaji wengine. Vijana wahudumu wa ikulu walisimama kando, wakasikia masomo yaleyale, kwa Kiswahili na Kiganda, wakajifunza kusoma kwa siri na kwa dhahiri. Sembera, kijana aliyeletwa kutoka Busoga akiwa mtumwa, alimwandikia Mackay mwenyewe kuomba ubatizo Oktoba 1881. Machi 18, 1882 alibatizwa pamoja na wenzake wanne. Yosefu Mukasa Balikuddembe alibatizwa na mapadri Aprili 30 mwaka huohuo. Kumbuka mwezi: Novemba mapadri waliondoka. Kama Balikuddembe angesema angoje aone mfalme ataamua nini, Novemba ingemkuta bado anangoja.

Mutesa alipokufa, mwanawe Mwanga, kijana bado, alirithi ikulu iliyojaa Wakristo ambao baba yake hakuwakubali wala hakuwakataa. Mapadri walirudi Julai 1885. Oktoba 29 Askofu Hannington wa Kianglikana aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga. Balikuddembe, aliyekuwa mkuu wa nyumba ya mfalme, alimwambia Mwanga usoni kwamba amefanya vibaya. Hakungoja hasira ipoe wala hakutafuta mtu mwingine wa kupeleka maneno. Novemba 15 akauawa. Siku hiyohiyo Karoli Lwanga, aliyekuwa bado anafundishwa, alikwenda misheni akabatizwa, akashika nafasi ya kuwalinda wale vijana wadogo. Mwezi Mei 1886, usiku wa kuamkia siku ambayo Mwanga angewahukumu Wakristo wa ikulu, Lwanga alichukua maji akawabatiza vijana wanne waliokuwa hawajabatizwa, mmoja wao Kizito, mwenye umri wa miaka kama 14. Asubuhi mfalme aliwaamuru wanaosali wajitenge upande mmoja. Wakajitenga. Juni 3 walichomwa moto Namugongo.

Tuna makanisa na jumuiya nyingi Tanzania zinazoitwa kwa majina ya Karoli Lwanga na Kizito, na kila Juni 3 tunaimba. Sidhani tunautafakari vya kutosha ule usiku wa mwezi Mei. Kizito hakuwa na nafasi ya kusema mwezi ujao. Hata kesho yake mchana hakuwa nayo. Laiti Lwanga angeona vema kusubiri padri, taratibu zikamilike, nguo nyeupe zipatikane, mtoto yule angekwenda Namugongo bila kuyapata yale maji aliyokuwa ameyaomba.

Naongeza onyo hapa, kwa kuwa habari ya haraka ina hatari yake siku hizi. Wapo wanaojiita manabii na mitume, wanasimama mnadani au redioni na kuwaambia watu kwamba Mungu anataka sadaka sasa hivi, uza ng'ombe leo, tuma kwa namba hii kabla ya saa sita usiku, ukichelewa baraka itampita mtu mwingine. Huo si wito wa Mungu, ni wizi. Mtoto Samweli alipoitwa usiku hekaluni aliamka mara tatu na mara zote tatu akakimbilia kwa mtu asiye sahihi, kwa mzee Eli. Hakulaumiwa. Hakuagizwa kutoa chochote. Alielekezwa na mzee wake namna ya kujibu, akarudi kulala, akaitwa tena. Anayekuita kwa haki hakukatazi kumuuliza mzee wako wa kanisa, paroko wako au mke wako. Anayekukataza kuuliza, mwogope.

Tena sehemu kubwa ya yale Mungu anayotuitia haihitaji ndoto wala nabii. Tumeshayajua. Ndugu uliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba bado yupo kijiji cha pili na baiskeli inafika. Deni la gunia la choroko unalikumbuka. Baba mzee anayeishi peke yake na hana wa kumchotea maji, njia ya kwake unaijua. Na yule bwana wa ndoa, anachohitaji ni mwenzake aliyekubali, mashahidi wawili, na matangazo kanisani. Ng'ombe wa kuchinjwa na jenereta la muziki havimo katika masharti ya sakramenti wala katika Biblia. Ningependa kila paroko na kila mchungaji wa Simiyu aseme hivyo madhabahuni kwa sauti kubwa, hata mara mbili kwa mwaka, kwa sababu wengi wanaamini kwa dhati kwamba ndoa bila sherehe ni dharau kwa wakwe. Wakwe nao wasikie.

Kuna wito mmoja hata hivyo ambao kuuchelewesha kwa siku moja kunaweza kuua, nao unatuhusu sisi watu wa Usukuma kwa namna ya pekee. Tunajua jinsi vikongwe walivyouawa katika mikoa yetu kwa tuhuma za uchawi, wengi macho yao yakiwa mekundu kwa sababu ya moshi wa miaka mingi wa kupikia kwa kuni na samadi kavu. Tunajua pia inavyoanza. Mtoto anaumwa, au ng'ombe wanakufa. Mtu anakwenda kwa mganga, anapigiwa ramli chonganishi, anarudi na jina. Jina linanong'onwa kwenye pombe, halafu kisimani. Wanawake wanaacha kupita nyumbani kwa yule mama. Watoto wanaambiwa wasipokee matobolwa yake. Siku hiyo katika kitongoji wapo Wakristo waliousikia mnong'ono, na nasema kwa uchungu kwamba wengi wao hawakubaliani nao. Wanasikitika. Wanasema watamwambia katekista Jumapili, au watalileta kwenye jumuiya wiki ijayo, maneno yakipoa.

Balikuddembe hakusubiri maneno yapoe, na aliyekuwa akiongea naye alikuwa mfalme mwenye wauaji wake. Sisi tunaogopa jirani.

Kwa hiyo aliyeusikia mnong'ono kisimani asubuhi asilale nao. Aende mchana huohuo kwa yule mama, akae, anywe uji wake mbele za watu. Amtafute mwenzake mmoja wa jumuiya au wa kanisa lingine, AICT, Wakatoliki, Wasabato, hapa hakuna tofauti, waende wawili kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa kamanda wa sungusungu, na walitaje jina la anayesambaza maneno. Mwenyekiti akisema tutaliangalia kesho, wapande kwa mtendaji wa kata, na wapige simu polisi Maswa kabla jua halijazama. Usiku huo yule mama asilale peke yake. Apelekwe kwenye nyumba yenye watu wengi, au watu wazima wawili watatu waje walale kwake wakiwa na tochi na simu zenye chaji. Mtoto anayeumwa apelekwe zahanati kesho yake asubuhi, na nauli ya bodaboda itolewe na jumuiya kama familia haina, kwa sababu mtoto akipona mnong'ono unakosa chakula. Na sala ya jumuiya ya wiki hiyo ihamishiwe nyumbani kwa yule mama, tarehe isisogezwe, ili kitongoji kizima kione ni akina nani wanaoingia mlangoni kwake.